Je, wajua kwa nini kufagia theluji hakuuokoi uwanja wa mpira Ufini?

Närpes ni mji mdogo wa pwani ya magharibi ya Ufini. Wakazi wake hawafiki elfu kumi, na wengi huzungumza Kiswidi. Nchini humo unajulikana kwa nyanya zinazolimwa ndani ya nyumba za vioo, hata katikati ya baridi kali. Timu yake ya mpira, Kraft, jina ambalo kwa Kiswidi ni "nguvu", hucheza ligi za chini. Msimu wao huanza Aprili hivi na kwisha Oktoba, ilhali Uingereza na Hispania hucheza Agosti hadi Mei.

Kwa nini? Kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja: theluji. Niliamini kwamba watu ishirini wenye makoleo wakiamka alfajiri, jioni mpira utachezwa. Nilikosea, na kosa lenyewe linastahili kuelezwa vizuri, kwa sababu dawa niliyoifikiria ndiyo inayozidisha ugonjwa.

Theluji ni blanketi. Imejaa hewa iliyonaswa kati ya chembe zake, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole mno. Ardhi huingia msimu wa baridi ikiwa bado na joto la kiangazi, na theluji nene ikiwahi kuanguka, joto hilo husalia chini. Ukiifagia, umemfunua aliyelala usiku wa baridi. Ndiyo maana barabara na viwanja vinavyosafishwa huganda kwenda chini kuliko msitu wa jirani. Kina cha mita moja si ajabu. Wafini wana neno kabisa la udongo huo ulioganda: routa.

Halafu jua la Machi na Aprili linarudi, na hapo ndipo penye kazi. Fikiria kuku aliyetoka kwenye friza. Baada ya saa moja ngozi inabonyea, ndani bado ni jiwe, na sinia limejaa maji. Uwanja nao huyeyuka hivyo hivyo, zaidi kuanzia juu. Maji yanataka kushuka, yanakuta sakafu ya barafu, yanabaki palepale. Juu nyasi zinaonekana, theluji haipo, mtu angeapa kwamba uwanja uko tayari. Mchezaji akigeuka kwa kasi, njumu zinang'oa nyasi na mizizi yake.

Mbona barafu hiyo haiishi upesi? Kuyeyusha kilo moja ya barafu, bila kuipandisha joto hata kidogo, kunakula joto lile lile la kupasha kilo moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu 80. Sasa uwanja una zaidi ya mita za mraba elfu saba.

Si viwanja vyote vinavyoteseka sawa. Udongo wa kichanga hupitisha maji upesi, klabu tajiri hulaza mabomba ya joto chini ya nyasi, na nyasi bandia hazina mizizi ya kung'oka, hivyo mechi za mwanzo wa msimu mara nyingi huchezwa juu yake. Nyasi za asili hungoja udongo ufike takriban nyuzi 5 ndipo zianze kukua.

Mwezi Juni, Närpes hupata karibu saa ishirini za jua kwa siku. Mechi iliyoanza saa moja jioni humalizika bila taa kuwashwa.