Je, wajua kwa nini betri mpya ya lithiamu yaweza kuunguza altaneta ya boti?

Boti ya matanga ikishatoka bandarini, umeme wake wote ni ule iliobeba kwenye betri. Friji, taa, redio na usukani unaojiendesha hutegemea hapo, na kinachorudisha chaji ni sola pamoja na altaneta ya injini ya dizeli, yaani kifaa kinachozungushwa na injini ili kizalishe umeme. Ndiyo maana wasafiri wengi wanaziacha betri za risasi na kufunga za lithiamu, hasa zile za LiFePO4 (lithiamu, chuma na fosfati). Betri ya risasi ya ampea-saa 100 (ampea-saa ni kipimo cha umeme inayoubeba) ina karibu kilo 30, na ukizoea kuitumia kupita nusu unaiua mapema. Ya lithiamu ina kilo 12 hivi, na asilimia 80 yake ni yako kutumia bila wasiwasi.

Basi mtu anachomoa ya zamani, anafunga mpya kwenye nyaya zilezile, anawasha injini. Baada ya muda, harufu ya kuungua inatoka chini.

Altaneta nyingi za boti ni zilezile za magari, na kazi ya altaneta ya gari ni kurudisha umeme kidogo uliotumika kuwasha injini na kulisha vifaa vya gari. Betri ya risasi huilinda bila sisi kujua: kadiri inavyokaribia kujaa ndivyo inavyopokea ampea chache, hivyo altaneta inapata nafasi ya kupoa. Lithiamu haina kawaida hiyo. Itavuta kila ampea inayopewa mpaka ikaribie kujaa kabisa, hata kama ni saa mbili. Na boti ikiwa nangani injini huzungushwa taratibu, kwa hiyo feni ya altaneta nayo huzunguka taratibu. Joto linapanda, varnishi inayokinga nyaya za koili ndani yake inaungua, na daiodi, vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu, zinakufa.

Kuna hatari nyingine ambayo naona haitajwi vya kutosha. Betri ya lithiamu ina saketi ya ulinzi, BMS, inayoweza kujikata ghafla. Ikijikata wakati altaneta inazalisha kwa nguvu, umeme unakosa pa kwenda, volti zinaruka juu, na daiodi au hata vifaa vingine vya boti vinaharibika.

Kwa boti ndogo, mimi ningeiacha betri ya risasi ya kuwashia injini ibaki imeungwa na altaneta, kisha kati yake na lithiamu nifunge chaja ya DC-DC, inayochukua umeme wa betri moja kuchaji nyingine, tuseme ya ampea 30. Chaja hiyo haipitishi zaidi ya kipimo chake, na lithiamu ikijikata, altaneta bado ina betri ya risasi ya kupokea umeme wake. Mwenye altaneta kubwa anaweza kufunga regyuleta ya nje yenye kihisi joto, inayopunguza uzalishaji altaneta ikipata moto.

Voltimita ya zamani nayo usiitegemee tena. Betri ya risasi iliyotulia husoma volti 12.7 ikijaa na karibu 12.2 ikifika nusu, lakini lithiamu hukaa kwenye 13.2 hivi kwa sehemu kubwa ya safari yake, halafu huporomoka mara moja. Funga mita yenye shanti (kipande cha kupimia mkondo wa umeme), inayohesabu ampea zinazoingia na zinazotoka.