Samaki wa ziwa moja si lazima waelewane

Kigoma utaisikia sana: samaki wa mapambo wakiwa wote wa Ziwa Tanganyika, wataelewana tu. Kwa upande wa maji ni kweli, wote wanapenda yaleyale yenye alkali, pH (kipimo cha asidi na alkali) karibu 9. Lakini ziwani anayezidiwa hukimbia. Kwenye tangi la kioo la mita moja akimbilie wapi?

Chukua Tropheus, wale wanaokwangua mwani kwenye mawe kutwa. Ukiwaweka watatu, mbabe atamwandama mmoja mpaka mapezi yachanike. Ukiwaweka kumi na wawili au zaidi, kwenye tangi refu, ugomvi unagawanyika na hakuna anayebeba kipigo chote. Inashangaza, lakini ndivyo ilivyo. Utumbo wao pia ni mrefu, wa kusaga mwani. Ukiwalisha pamoja na wala nyama, huishia kuvimba tumbo.

Mwenzao afaaye ni yule asiyegombea jiwe. Cyprichromis, kwa mfano, huogelea maji ya juu (funika tangi, wanaruka). Neolamprologus brichardi mimi singewachanganya na yeyote: jozi ikizaa, watoto wakubwa huwalinda wadogo, na baada ya muda ukoo mzima umelimiliki tangi.