Je, wajua kwa nini mpunga mwingine ni mfupi? Sio kwamba una jeni ya ufupi

Miaka mingi mi niliamini mpunga mfupi una kitu cha ziada, jeni fulani inayoliambia shina ishia hapo. Kumbe ni kinyume, mpunga mfupi umepoteza kitu. Na usije ukafikiri una pingili chache, ukichana shina ukahesabu utakuta zinakaribiana na za mpunga mrefu, ila kila pingili imebaki fupi. Wala sio njaa, ukiutia mbolea unashiba, unajaza masuke mazito na shina bado ni fupi, na hapo ndo uzuri wake ulipo maana mirefu ya zamani ikipata mbolea nyingi inalala.

Ufupi huo ulitoka kwenye mpunga wa Taiwan, Dee-geo-woo-gen, ukachanganywa na Peta, mrefu wa Indonesia, na 1966 kituo cha utafiti wa mpunga cha IRRI huko Ufilipino kikatoa aina mpya fupi, IR8. Jeni yenyewe inaitwa sd1, na 2002 ndo ilijulikana kwamba kwenye mpunga huo mfupi imekatika herufi 383 za DNA.

Sasa ikiwa nzima inafanya nini? Inatoa kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza homoni ya jiberelini. Tukisikia homoni ya kurefusha tunadhani inasukuma seli zirefuke, lakini kazi yake hasa ni kuondoa kizuizi. Chukulia seli ina geti na mlinzi, protini inaitwa SLR1, akiwepo jeni za kurefuka hazifanyi kazi. Jiberelini ikifika inapokelewa na protini nyingine, GID1, hao wawili wanamkamata mlinzi, anawekwa alama, anapelekwa kwenye mashine ya seli inayosaga protini, geti linabaki wazi na pingili inarefuka. Kwenye mpunga wenye sd1 iliyokatika homoni imepungua, kwa hiyo walinzi wengi wanabaki getini. Imepungua tu, haijaisha, kwa sababu kuna jeni ndugu zinazofanya kazi hiyohiyo, na mojawapo inahudumia maua, ndo maana shina linafupika ila punje zinakuja vizuri!

Na inaonekana kwa macho kabisa, ukiupulizia mpunga huo wa sd1 jiberelini unarefuka, na mpunga ambao mlinzi wake ameharibika unakua mrefu mwembamba kupita kiasi na hauzai mbegu.

Ila sio kila mpunga mfupi ni habari ya jiberelini, kuna aina iitwayo d61 ambayo homoni zake nyingine, brasinosteroidi, hazisikiki vizuri. Na ngano fupi za kisasa ndo zimenishangaza zaidi, nyingi homoni zinayo tele ila mlinzi mwenyewe amebadilika hakamatiki, ukipulizia jiberelini hazijali, yaani kwenye ngano lile wazo langu la zamani la jeni inayozuia lilikuwa karibu na ukweli.