Yomikiri za mapenzi: hadithi fupi za manga zinazopinduka mwishoni

Manga hii si ile ya pilipili manga wala njiwa manga. Ile ni Uarabuni. Hii ni Japani, hadithi za michoro zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto.

Nyingi tunazozijua huendelea kwa miaka. Ila ipo aina fupi iitwayo yomikiri, maana yake ni kusoma hadi ukamaliza: hadithi inaanza na kuisha katika toleo moja la jarida. Wachoraji chipukizi wengi huanzia hapo. Zikifika kadhaa, hukusanywa katika kitabu kimoja, tanpenshu. Za mapenzi utazikuta tele katika majarida ya wasichana, kama Nakayoshi lililoanza 1954 na Ribon la 1955.

Ule mpinduko wa mwisho huitwa dondengaeshi. Neno limetoka kwenye tamthilia za kabuki: mandhari ya jukwaani inapinduliwa, nyingine inajitokeza, na watazamaji hawajanyanyuka vitini. Wajapani wana pia mpangilio wa hatua nne, kishotenketsu, wenye asili ya mashairi ya Kichina, na hatua ya tatu ndiyo ya kugeuza. Mfano wake maarufu ni mistari minne tu: Binti za muuza nyuzi wa Osaka. Mkubwa ana miaka 16, mdogo 14. Mabwana wa nchi huua kwa upinde na mshale. Binti za muuza nyuzi huua kwa macho.

Kwenye manga, silaha ya mchoraji ni ukurasa wenyewe. Jambo la kushtua hufichwa nyuma yake, usilione mpaka ufunue. Tuseme mvulana darasani anamtazama msichana aliyekaa dirishani. Kwenye visanduku vya maneno tunasoma: “Leo amekata nywele. Hajui kama nimeona.” Kurasa ishirini tunaamini ni mvulana anayesema. Tukifunua wa mwisho, darasa limechorwa kutokea nyuma: kuna msichana mwingine, madawati mawili nyuma ya mvulana, na maneno yote yalikuwa yake. Ukirudi mwanzo unaona kisogo cha mvulana kimenyolewa upya. Kilikuwa wazi muda wote.

Huo ndio mpinduko halali. Mpenzi kugongwa na gari ghafla, au kuambiwa kumbe ilikuwa ndoto, mimi nauita uvivu.

Na mtego kama ule wa nywele Kiswahili kinauweza kweli. Kijapani mara nyingi hakitaji mtenda. Sisi tunamtaja, lakini hatusemi ni wa kike au wa kiume. Mtafsiri wa Kiingereza inambidi achague, na akikosea tu siri imevuja. Kwetu “amekata” inabaki “amekata” mpaka ukurasa ufunuliwe.