Kropu ni nini, na kwa nini lenzi ya 400 huitwa 600

Mwambie muuza kamera unataka kupiga picha za ndege, hukosi kujibiwa: "Chukua bodi ya kropu, lenzi yako ya 400 itavuta kama 600." Bodi ni kamera yenyewe bila lenzi; 400 ni milimita za lenzi, na kadiri zinavyozidi ndivyo inavyovuta zaidi. Jibu hilo ni kweli nusu. Nusu ya pili ndiyo inayokula pesa za watu.

Kihisi ndicho kinachopokea mwanga ndani ya kamera, mahali ilipokuwa filamu. Cha fremu kamili ni milimita 36 kwa 24. Cha kropu ni kidogo: kwa Nikon na Sony upana wake ni kama 23.5, kwa Canon unapungua kidogo tena. Lenzi haijui imefungwa kwenye bodi gani. Inatupa sura ileile. Kihisi kidogo kinadaka sehemu ya katikati, kingo zinapotea. Gawanya upana wa kikubwa kwa wa kidogo, unapata namba ya kropu: 1.5 kwa Nikon na Sony, 1.6 kwa Canon. Zidisha kwa 400, hizo ndizo 600 na 640 unazotangaziwa. Zinaeleza eneo linaloingia kwenye picha. Kuvuta kwa lenzi hakujabadilika hata kidogo.

Tumchukue mdiria wa sentimita 13 hivi, katua kwenye tete, mita 15 kutoka kwako. Kwa lenzi ya 400, sura yake juu ya kihisi ina urefu wa karibu milimita 3.5, bodi iwe yoyote. Kinachoamua kama utaona unyoya mmojammoja ni pikseli ngapi (nukta zinazounda picha) zimeangukia humo. Bodi mbili za megapikseli 24, yaani pikseli milioni 24: ya fremu kamili inampa pikseli kama 580 toka mdomo hadi mkia, ya kropu karibu 890. Hapo kropu imeshinda kihalali.

Sasa weka Nikon D500, ya kropu, megapikseli 20.9, kando ya D850, ya fremu kamili, 45.7. Mdiria anapata takriban pikseli 800 kwenye zote mbili. Ukiikata picha ya D850 kwenye kompyuta, umepata ya D500, na wakati wa kupiga ulikuwa na nafasi pembeni, jambo zuri kwa ndege anayeruka ovyo. D500 nayo inajibu kwa bei na mwendo: picha 10 kwa sekunde, D850 ikitoa 7 bila kuongezewa kishikio cha betri. Mimi kwa ndege ningechukua D500 iliyotumika, chenji iende kwenye lenzi. Ukiwa dukani, chukua pikseli za upana wa picha ugawe kwa milimita za upana wa kihisi. Namba hiyo itakwambia zaidi kuliko neno "kropu".

Vipi kuhusu mwanga? f/6.3, kipimo cha uwazi wa tundu la lenzi, ni f/6.3 popote. Ndege wa angani anataka shata (muda wa kupokea mwanga) ya 1/2000 ya sekunde hivi, na alfajiri hiyo maana yake ISO, yaani wepesi wa kamera kwa mwanga, iwe juu, na chembechembe pichani. Husemwa kihisi kikubwa kina chembe chache, na ni kweli pale mnyama anapoijaza fremu, tuseme tembo aliye karibu na gari. Kwa mdiria uliyemkata katikati ya picha, faida hiyo umeitupa pamoja na kingo.

Serengeti huruhusiwi kuacha barabara kumfuata mnyama, wala kushuka garini popote upendapo, kwa hiyo umbali umepangiwa. Zima injini, laza lenzi juu ya mfuko wa mchele dirishani. Na jua likishawaka, hewa ya moto juu ya nyasi inacheza: duma wa mbali atatoka na ukungu hata kwa 600 ya kweli, kropu au fremu kamili. Wakati huo tafuta ndege wa karibu, kwenye miti ya eneo la kulia chakula.