Je, wajua? Kwa nini mtu wa kwenye michoro ya anatomia hugeuza viganja mbele

Karibu kila kitabu cha anatomia kina mtu huyu: amesimama wima, uso mbele, miguu imekaribiana, mikono imening'inia ubavuni na viganja vimetazama mbele, dole gumba likielekea nje. Hakuna asimamaye hivyo kwa hiari yake. Ni mkao wa kianatomia, na maneno yote ya mahali mwilini (juu, chini, mbele, nyuma, ndani yaani karibu na mstari wa katikati ya mwili, nje yaani mbali nao) hupimwa kutoka hapo, hata kama mgonjwa amelala kifudifudi.

Wengi hudhani viganja vimegeuzwa ili vionekane tu. Sababu kubwa zaidi iko ndani ya kigasha, kati ya kiwiko na kifundo cha mkono.

Humo mna mifupa miwili: ulna upande wa kidole cha mwisho, radiasi upande wa dole gumba. Tunapogeuza kiganja, tunaamini kifundo ndicho kinachozunguka. Sicho. Kifundo hukunjika, hunyooka na kuinama upande huu au ule, basi. Bawaba ya kiwiko nayo hukunja na kunyoosha tu. Kinachozunguka ni radiasi, tena kwa kuivuka ulna. Kiganja kikitazama mbele, mifupa hiyo imelala sambamba. Kikitazama nyuma, imepishana mithili ya herufi X.

Simama, kisha vusha mguu wa kulia mbele ya wa kushoto mpaka unyayo utue upande wa pili. Nyonga hazijabadilishana nafasi, ila nyayo zimebadilishana. Radiasi hufanya vivyo hivyo: kiwikoni hubaki nje ya ulna, lakini mwisho wake wa chini huvuka, na kiganja hufuata. Mfano huu unachechemea mahali pamoja: kichwa cha radiasi hujizungusha papo hapo kilipo, jambo ambalo nyonga yako haikulifanya kwa kiasi hicho. Na ulna, inayosemwa kwamba imetulia tuli, nayo husogea kidogo.

Ukitaka kuhakikisha, kunja kiwiko cha kulia nyuzi 90 na ukibane ubavuni. Kwa mkono wa kushoto tafuta kinundu cha mfupa upande wa nje wa kiwiko, teremka kama sentimita 2 kuelekea kifundo, halafu geuza kiganja juu na chini. Utahisi mfupa ukizunguka chini ya kidole. Usinyooshe mkono: mfupa wa juu ya kiwiko utazunguka kutoka begani, na kiganja kitageuka kupita uwezo wa kigasha chenyewe, ambao kwa kawaida ni kati ya nyuzi 150 na 180.

Sasa fikiria maneno yangefuata mkono ulivyo wakati huo. Ateri tunayopimia mapigo kifundoni, upande wa dole gumba, ingekuwa "nje" kiganja kikitazama mbele, na "ndani" kikigeuzwa nyuma. Kwa hiyo huhesabiwa kuwa ya nje daima.

Kulia na kushoto pia ni vya mwenye mwili, si vya mtazamaji. Ndiyo maana kwenye eksirei ya kifua moyo huonekana umeegemea mkono wako wa kulia. Umeegemea, nasema, kwa sababu takriban theluthi moja yake iko upande wa kulia wa mstari wa kati.

Kioja kimoja mkao huu hukianika wazi: dole gumba la mkono liko nje, la mguu liko ndani. Vichipukizi vya mikono na miguu vilipoota kwenye kiinitete, yote mawili yalikuwa upande wa kichwani. Kati ya wiki ya 6 na ya 8 mikono ilizungukia nje na miguu ikazungukia ndani, ndipo kiwiko kikaelekea nyuma na goti mbele.