O'Hare iko ndani ya Chicago
Dhana ya muda mrefu kwamba uwanja wa ndege wa O'Hare uko nje ya jiji la Chicago inaeleweka, kwa kuwa anayetazama ramani huona miji midogo kama Rosemont, Schiller Park na Bensenville ikiuzingira karibu pande zote. Hata hivyo, si sahihi. Mwaka 1956 Chicago iliuingiza rasmi ndani ya mipaka yake, na kwa kuwa eneo jipya lilipaswa kushikana na jiji, ulitumika ukanda mwembamba wa barabara, ambao leo hufuata Foster Avenue. O'Hare pia ni jina la eneo la 76 kati ya maeneo 77 ambayo jiji limegawanywa, na, jambo linalosahaulika mno, upande wa mashariki wa eneo hilo una makazi ya watu.